Shimanzi na Mji wa Kilindini: Wakazi, Hesabu na Lahaja

Vitabu vingi vinavyoorodhesha lahaja za Kiswahili huitaja Kikilindini mara tu baada ya Kimvita, pamoja na Kijomvu na Kingare, na huipa makao yake upande wa magharibi wa kisiwa cha Mombasa, kwenye bandari yenye jina hilohilo. Orodha hiyo imenakiliwa kutoka kitabu hata kitabu mpaka imekuwa kama jambo lisilohitaji kuchunguzwa tena. Lakini mtafiti atakayeifuata kwa miguu yake, akavuka reli na kuingia Shimanzi, atakuta matangi ya mafuta, mabohari ya chai, karakana na misururu ya malori. Kiswahili atakisikia, tena kingi. Mkilindini wa kumsemesha kwa lahaja hiyo ndiye atakayekuwa adimu. Jina limebaki mahali pake nao wenye jina wako mahali pengine. Namna jambo hili lilivyotokea, na maana yake kwa elimu ya lahaja, ndiyo mada ya makala haya.

Mahali na mji

Shimanzi ni sehemu ya pwani ya magharibi ya kisiwa, kati ya kivuko cha Makupa upande wa kaskazini na eneo la Kilindini na Ganjoni upande wa kusini. Mbele yake ni maji ya bandari, na ng'ambo ya maji hayo ni Kipevu na Changamwe. Mtu alisikiaye jina la Shimanzi kwa mara ya kwanza hulikumbuka neno simanzi, lakini kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa asili ya jina, na wanaisimu wamekwisha kuonywa mara nyingi juu ya mtego wa namna hiyo. Jina la Kilindini halina utata: ni kilindi pamoja na kiambishi cha mahali, yaani penye maji marefu. Ni jina lililotolewa na watu wa baharini, wala halikuhitaji kungojea meli za Wazungu zije kulithibitisha.

Kwa muda mrefu kisiwa hiki kilikuwa na zaidi ya mji mmoja. Upande wa mashariki ulisimama mji wa Mvita, ukitazama mlango wa bahari ambao baadaye Wareno walijenga juu yake ngome ya Fort Jesus, kuanzia mwaka 1593. Upande wa magharibi na kusini-magharibi kulikuwa na makazi mengine, na maandishi ya Wareno hutaja mahali paitwapo Tuaca katika upande huo. Ushahidi ulio wazi zaidi kuliko yote ni ule wa Mbaraki. Uchimbaji wa Hamo Sassoon, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1982, ulionyesha kwamba palijengwa msikiti katika karne ya 15, kwamba msikiti huo uliachwa katika karne iliyofuata, na kwamba magofu yake yakawa mahali pa kuwekea sadaka kwa ajili ya pepo. Mnara wa mawe ulio kando yake ulikuwa umekwisha kusimama katika miongo ya kwanza ya karne ya 18. Mnara huo ungalipo, na ndio kitu cha pekee katika upande huo wa kisiwa kimwambiacho mpita njia kwamba palikuwa na mji kabla ya bandari.

Kivuko cha Makupa nacho kina historia yake. Maji yakipwa, mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara, na kwa hiyo aliyeishika Makupa aliushika mlango wa nyuma wa kisiwa. Mwaka 1589 Wazimba walisimama hapo wakati merikebu za Wareno, chini ya Tomé de Sousa Coutinho, zilipokuwa zikiushambulia mji kutoka baharini. Mvita ilianguka kati ya adui wawili. Baada ya hapo Wareno walijenga vigome vidogo Makupa kukilinda kivuko. Watu wa upande wa magharibi, basi, walikuwa walinzi wa mlango wa bara kama vile watu wa Mvita walivyokuwa walinzi wa mlango wa bahari, na tofauti hiyo ya makao yaeleza mengi juu ya siasa za karne zilizofuata.

Thelatha Taifa

Waswahili wa Mombasa hujihesabu kuwa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, nao wamegawanyika mafungu mawili. Fungu moja ni Tisa Taifa: Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wapaza, Washaka, Wakatwa na Wagunya. Fungu la pili ni Thelatha Taifa: Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Hesabu hizi zenyewe, thelatha na thenashara, ni Kiarabu kilichotiwa katika matamshi ya Mvita, na zatukumbusha kwamba muungano huu ulikuwa na sura ya kisheria na ya kidiplomasia. Ulikuwa ni jina la mapatano zaidi kuliko jina la ukoo.

Mapokeo ya Wakilindini huwaunganisha na Shungwaya, kama yafanyavyo mapokeo ya majirani zao wengi wa pwani, na huwaleta kisiwani kwa kupitia bara. Wachangamwe walikuwa na makao yao bara ya magharibi, ng'ambo ya Makupa; Watangana hutajwa pamoja na Mtongwe, ng'ambo ya kusini. Ukiyaweka makao haya matatu juu ya ramani, utaona kwamba yanaizunguka bandari moja. Thelatha Taifa ulikuwa muungano wa watu wa maji ya Kilindini, na jirani zao wa karibu walikuwa Wadigo, ambao walihusiana nao kwa biashara, kwa ndoa na kwa ahadi za kusaidiana vitani. Tisa Taifa nao walielekea zaidi kwa Wamijikenda wa kaskazini. Kila fungu lilikuwa na mkuu wake aliyeitwa tamimu, na hapana mtawala wa Mombasa, awe Mmazrui au Mbusaidi, aliyeweza kutawala kwa amani bila ya kuwaridhisha matamimu wote wawili.

Jambo hili lilidhihirika mwaka 1837. Kifo cha liwali Salim bin Ahmad Mazrui mwaka 1835 kiliwagawanya Wamazrui wenyewe juu ya urithi, na ugomvi wao ukaamsha uhasama wa kale baina ya mafungu ya mji. Wakuu wa Thelatha Taifa wakaelekea kwa Seyyid Said wa Unguja na Maskati, naye akaingia Mombasa pasipo vita kubwa. Viongozi wa Wamazrui wakakamatwa na kusafirishwa hadi Bandar Abbas. Waandishi wengi husimulia habari hii kama ushindi wa Unguja. Yafaa isomwe pia kama uamuzi wa watu wa magharibi ya kisiwa, ambao hawakuwa tayari kuendelea kuwa fungu la pili katika mji wa wengine. Diwani ya Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840, imetoka katika mazingira hayo ya mabishano. Anayeusoma ushairi huo bila ya kuyajua mataifa na mafungu yake hupoteza nusu ya maana.

Lini hasa mji wa Kilindini uliachwa? Haukuachwa kwa siku moja. Yaonekana watu walihamia Mvita nyumba kwa nyumba, wakifuata usalama wa ngome na soko la upande wa mashariki, hata kabla ya katikati ya karne ya 19 Kilindini ikawa magofu na mashamba. Lakini katika kuhama kwao hawakuyeyuka. Walijenga mitaa yao ndani ya Mji wa Kale na kushika misikiti yao, na tamimu wao akabaki tamimu wa Thelatha Taifa. Mji ulihamia ndani ya mji mwingine ukiwa na jina lake na utaratibu wake. Tangu hapo Kilindini ilikuwa jina la watu zaidi kuliko jina la mahali.

Bandari

Mahali palirudi kuwa na maana kwa sababu nyingine kabisa. Mwambao ulipotiwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1895, wahandisi waliona kwamba bandari ya kale ya upande wa mashariki ilifaa majahazi, lakini meli kubwa zilihitaji kile kilindi cha magharibi. Mwaka uliofuata, 1896, ujenzi wa reli ya Uganda ulianzia Kilindini, nayo ilifika ziwa Viktoria mwaka 1901. Kati ya mji wa mashariki na bandari mpya ya magharibi palitandikwa reli nyembamba ya magari madogo yaliyosukumwa kwa mikono ya watu. Mabwana na mabibi waliketi juu, na wasukumaji wakakimbia nyuma. Chombo hicho kilitumika hadi mwaka 1923. Magati mawili ya kwanza ya maji marefu yalifunguliwa mwaka 1926, na mengine yakafuata. Kabla ya hapo meli zilitia nanga katikati ya bandari na shehena zikashushwa kwa matishali.

Ardhi iliyohitajiwa kwa kazi hiyo haikuwa tupu kisheria, hata kama nyumba zake zilikuwa zimeanguka. Ilikuwa na mashamba, makaburi na madai. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mdai alete dai lake mbele ya ofisi na kulithibitisha. Sheria ya namna hiyo ilimfaa mtu mmoja mwenye karatasi, kwani yeye alijua pa kwenda na la kusema. Taifa zima lenye kumbukumbu ya wazee na ada ya kutumia ardhi kwa pamoja lilikuwa na kazi nzito zaidi, na ardhi isiyopata mwenyewe mbele ya ofisi ilihesabiwa kuwa ya serikali. Hapo ndipo uhusiano wa Wakilindini na Kilindini ulipokatwa kwa mara ya pili. Mara ya kwanza walihama kwa hiari yao, lakini mashamba yakabaki mashamba yao. Mara hii walibakiwa na jina tu.

Shimanzi ilizaliwa katika hali hiyo. Haikuwa kijiji kilichokua kikawa mtaa. Ilikuwa ni eneo la nyuma ya bandari, lililopimwa kwa ajili ya reli, mafuta na mabohari. Msamiati wake ndio shahidi mzuri wa watu waliopita hapo. Neno gati laonekana kuwa na nasaba na neno la Kihindi lenye maana ya ngazi za kushukia majini. Landi, nyumba za safu za wafanyakazi wa reli, ni neno lililokuja na watu wa Bara Hindi. Serehangi, msimamizi wa kikosi cha mabaharia au wapagazi, lilivuka bahari kutoka Uajemi kwa kupitia Hindi. Kuli, winchi, godauni na kibarua ni maneno ya asili mbalimbali yaliyokutana mgongoni mwa mtu mmoja, yule aliyebeba gunia. Lugha iliyozungumzwa magatini haikuwa Kikilindini. Ilikuwa ni Kiswahili cha Washihiri wa Hadhramaut, cha Wanyamwezi, Wataita, Wamijikenda, Wakamba, Wajaluo, Waluhya na Wakikuyu, kila mmoja akikisema kwa lafudhi ya kwao na kila mmoja akieleweka. Wanaisimu hawajakifanyia haki Kiswahili hicho, pengine kwa sababu hakina ushairi.

Watu hawa walifanya kazi kwa siku. Asubuhi walisimama langoni wakingojea kuchaguliwa. Jioni walilipwa wakaondoka, wengi wakienda kulala Majengo, katika nyumba za Waswahili zilizokodishwa chumba kwa chumba. Utaratibu huo uliwafaa waajiri, na kwa upande mwingine uliwafaa makuli pia, kwa sababu mtu asiyekuwa na ajira ya kudumu hakuweza kutishwa kwa urahisi kwamba atafukuzwa. Migomo ya mwaka 1939, na ule mkubwa wa Januari 1947 ulioisimamisha Mombasa nzima kwa siku kadhaa na kumleta mbele Chege Kibachia, ilianzia katika mazingira ya namna hiyo. Mgomo wa makuli wa mwaka 1955 ulipopatanishwa kwa msaada wa Tom Mboya, serikali na waajiri walikuwa wamekwisha kuamua kwamba kuli wa siku moja ni hatari, na kwamba afadhali aandikishwe, apewe mshahara wa kudumu na makao yanayojulikana. Kwa njia hiyo kazi ya bandari ikapata wakazi.

Hesabu ya watu

Ni vigumu kuhesabu watu wa mahali ambapo wafanyao kazi hawalali na walalao ni wachache. Sensa za Kenya tangu uhuru humhesabu mtu pale alipolala usiku wa tarehe 24 Agosti. Kwa Shimanzi utaratibu huu una taathira kubwa: mchana mahali hapa huwa na madereva, wachukuzi, makarani na wauza chakula, na usiku ule wa hesabu hubaki walinzi na familia za nyumba za wafanyakazi. Hesabu rasmi, kwa hiyo, haidanganyi, lakini yaeleza mji uliolala. Katika mgawanyo wa sasa Shimanzi imeunganishwa na Ganjoni kuwa wadi moja ya eneo bunge la Mvita, na tarakimu zake zimechanganywa na za mitaa ya makazi iliyo tofauti nayo sana.

Mji mzima wa Mombasa ulikuwa na watu 247,073 mwaka 1969, watu 341,148 mwaka 1979, na 461,753 mwaka 1989. Mwaka 2009 walikuwa 939,370, na mwaka 2019 idadi ya kaunti ilipita milioni moja na kufika 1,208,333. Ongezeko hili halikufanyika Shimanzi. Lilifanyika Likoni, Kisauni, Changamwe na Jomvu, yaani ng'ambo ya maji, na kwa kiasi fulani katika nchi ileile ya kale ya Watangana na Wachangamwe.

Wakilindini wako wapi katika tarakimu hizo? Hapa ndipo historia ya kuhesabiwa inapokuwa muhimu kuliko hesabu yenyewe. Dola ya kikoloni iliwagawa watu wa pwani kuwa Waarabu na wenyeji, na kila upande ulikuwa na kodi yake, mahakama zake na haki zake za kura. Sheria ya kodi ya mwaka 1910 iliwaweka Thenashara Taifa upande wa wenyeji, nao wakalalamika. Walipotolewa katika haki ya kupiga kura pamoja na Waarabu, waliunda mwaka 1927 chama cha Afro-Asian Association kupigania hadhi yao, na dai hilo halikukubaliwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati hadhi yenyewe ilipokuwa ikikaribia kupoteza thamani yake. Kwa hiyo Mkilindini mmoja, bila ya kuhama nyumba, aliweza katika umri wake kuandikwa mwenyeji, kisha Mwarabu, na baada ya mwaka 1963 Mswahili au jina jingine alilolichagua mbele ya karani. Hapana hata mara moja alipoandikwa Mkilindini. Mtu atakayechukua tarakimu za sensa mbili mbalimbali na kusema kwamba Waswahili wa Mombasa wamepungua au wameongezeka, hana budi kwanza aeleze ni katika safu ipi walikuwa wameandikwa.

Lahaja

Yaliyotangulia yana maana kwa yule anayetaka kuichunguza lahaja yenyewe. Sifa kuu za Kimvita zajulikana: nti kwa nchi, mato kwa macho, mtele kwa mchele, ndia kwa njia, na tofauti za t ya menoni na t ya ufizi ambazo maandishi ya kawaida huzifuta. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliziingiza nyingi katika kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882. William Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, alizisikiliza kwa makini zaidi, na ni kwa juhudi za Sikujua kwamba tungo za Muyaka hazikupotea. Lakini wote hawa walifanya kazi yao wakati Kilindini ilipokuwa imekwisha kuhamia Mvita. Walichokisikia kilikuwa ni usemi wa mji mmoja wenye mitaa miwili iliyooana na kushindana kwa miaka mingi, na ni shida kujua ni neno lipi lilivuka uchochoro na lini.

H. E. Lambert, katika kijitabu chake cha mwaka 1958 juu ya Kijomvu na Kingare, alionyesha kwamba umbali mdogo tu kutoka Mji wa Kale watosha kuleta tofauti za kweli. Hata jina la Chi-Jomvu, kama alivyoliandika, lina kiambishi ambacho Mvita hawana. Jomvu ilikuwa na bahati ya kubaki Jomvu. Kikilindini hakikupata Lambert wake mahali pake, kwa sababu hapakuwa na mahali. Kisha mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaeneza uamuzi huo kwa vitabu vya shule. Kejeli ya jambo hili haikuwapita watu wa Mvita: lahaja yao ilishindwa katika mji wao wenyewe. Kikilindini hakikushindwa, kwani hakikuitwa kwenye shauri.

Kuna kosa la mbinu linalostahili kusemwa wazi. Ramani ya lahaja hudhani kwamba maneno yamekaa juu ya ardhi kama minazi, na kwamba mtafiti akifika penye jina atakuta usemi. Kwa Kilindini dhana hiyo imekuwa ya uongo kwa zaidi ya karne moja na nusu. Aliyerekodi usemi wa Shimanzi katika miaka ya 1950 alirekodi Kiswahili cha kazi cha watu wa bara, ambacho ni somo zuri kwa haki yake, lakini si Kikilindini hata akikiandika kwa jina hilo. Na aliyerekodi Mji wa Kale bila ya kuuliza taifa la msemaji alichanganya mafungu mawili na kuyaita Kimvita. Kazi ya Derek Nurse na Thomas Hinnebusch ya mwaka 1993 juu ya lugha za Kisabaki imesaidia sana kuonyesha mahali pa lahaja za Mombasa katika nasaba ya Kiswahili, lakini nasaba pana ya namna hiyo haiwezi kuingia katika tofauti za mtaa kwa mtaa.

Tofauti hizo, kama zingalipo, zitatafutwa kwa wanawake wazee kwanza, waliolelewa na mabibi zao ndani ya nyumba za Thelatha Taifa na waliopitiwa na shule kidogo. Kisha katika majina ya sehemu za mtumbwi, ya maji kupwa na kujaa, ya samaki wa bandarini na ya miti ya mashamba ya kale. Kisha katika nyimbo za arusi, ambazo fungu moja hulitania jingine na kulikumbusha asili yake. Mahali pa kuanzia ni Mji wa Kale na Mtongwe, pamoja na nyumba za Likoni walikohamia wajukuu baada ya kodi za kisiwani kupanda. Majina ya mashamba yaliyoandikwa katika madai ya ardhi baada ya mwaka 1908 nayo yafaa kusomewa wazee hao moja moja, wakitazama maji ya Kilindini kutoka ng'ambo, kabla matamshi yake hayajasahauliwa.